Toni zilezile leo na mwakani: mwongozo wa kuchapa picha nyeusi na nyeupe kwa printa ya wino

Picha ya rangi ikichapwa na kosa dogo, huenda asitokee wa kuligundua. Anga likihama kidogo kuelekea sayani, mtazamaji huona anga tu. Picha nyeusi na nyeupe haina pa kujificha. Kijivu kikiegemea kijani hata kwa kiasi kidogo mno, jicho hukinasa papo hapo, hasa nakala mbili zikilazwa pamoja: ya mwezi uliopita na ya leo, faili lilelile, karatasi ileile, na bado haziendani.

Vinavyohama ni vitu viwili, na ni vizuri kuvitenganisha tangu mwanzo kwa kuwa havina chanzo kimoja. Cha kwanza ni mwangaza, yaani jinsi ngazi za kijivu zinavyopangika kutoka weupe wa karatasi hadi weusi wa mwisho ambao wino unaufikia. Cha pili ni mwelekeo wa rangi wa kijivu chenyewe: kina joto la kahawia, kina ubaridi wa bluu, au kimetulia katikati. Mwangaza huvurugwa zaidi na mipangilio na aina ya karatasi. Mwelekeo wa rangi huvurugwa zaidi na matundu ya wino yaliyoziba, taa unayotazamia, na kemikali zilizomo kwenye karatasi.

Kanuni ninayoisimamia katika hatua zote zinazofuata ni hii: usiguse faili la picha mpaka uwe umethibitisha kwamba mashine haijabadilika. Ukiirekebisha picha ili kufidia tundu lililoziba, siku tundu litakapozibuka utabaki na faili bovu, na hutakumbuka lilikuwaje.

Hatua ya 1: Amua kijivu chako kitatoka kwenye wino upi

Njia ziko tatu. Ya kwanza ni kuchanganya wino wa rangi. Printa ya kawaida yenye sayani, majenta, njano na mweusi mmoja hutengeneza kijivu kwa kurusha matone ya rangi zote tatu kwa uwiano maalumu. Uwiano ukiyumba kidogo, kijivu kinapata rangi. Tena kijivu cha namna hii hakivumilii mabadiliko ya taa: dirishani kitaonekana safi, usiku chini ya taa ya chumbani kitageuka kijani au majenta. Tabia hiyo huitwa metamerizimu, na hakuna marekebisho ya faili yanayoweza kuiondoa, kwa sababu ukiiponya kwa taa moja umeiharibu kwa nyingine.

Njia ya pili ni printa zenye wino wa kijivu halisi. Mwaka 2005 Epson ilitoa wino wa UltraChrome K3 kwenye printa kama Stylus Photo R2400, ikaweka viwango vitatu vya weusi vinavyofanya kazi pamoja: mweusi kamili, kijivu, na kijivu hafifu. Ilikuja na hali maalumu ya kuchapia iitwayo Advanced B&W Photo. Canon nayo ina mpango wa aina hiyo. ImagePROGRAF PRO-1000, kwa mfano, ina aina mbili za kijivu na hali yake ya nyeusi na nyeupe. Katika hali hizi sehemu kubwa ya picha hujengwa kwa kijivu, na rangi hutiwa kidogo tu ili kuelekeza toni kwenye joto au ubaridi. Rangi ikipungua, metamerizimu nayo inapungua.

Njia ya tatu ni kuitoa printa wakfu kwa nyeusi na nyeupe pekee, ukijaza katriji zote kwa viwango mbalimbali vya wino wa kaboni. Mfumo wa Piezography wa Jon Cone ndio unaojulikana zaidi, na watu wengi huuendesha kwa QuadTone RIP, programu ya Roy Harrington inayokuruhusu kutawala kila wino peke yake. Ulaini wa toni zake ni wa hali ya juu sana. Lakini kaboni tupu kwa asili ina joto, kwa hiyo anayetaka kijivu baridi atahitaji kuichanganya na kitu kingine, na printa hiyo haitachapa tena picha za rangi.

Kwa watu wengi naishauri njia ya pili bila kusita. Kama ulicho nacho ni printa ya wino mweusi mmoja, chapa kwa profaili nzuri ya ICC, yaani faili linaloeleza jinsi printa na karatasi fulani zinavyotoa rangi, iliyotengenezwa kwa karatasi yako, kisha uwe mkali zaidi kwenye hatua ya kukagua matundu. Kuchagua wino mweusi peke yake kwenye printa ya namna hiyo huondoa tatizo la rangi, ila maeneo angavu hujaa chembechembe zinazoonekana kwa macho. Kuna picha zinazofaa kwa chembe hizo. Uso wa mtoto mchanga si mojawapo.

Hatua ya 2: Funga ndoa na karatasi mbili, zisizidi

Kila karatasi mpya ni tatizo jipya. Chagua moja isiyo na mng'ao na moja yenye mng'ao, zizoee, na uzikatalie nyingine mpaka hizo uzijue vizuri.

Tofauti kubwa kati ya aina hizi mbili ni weusi. Karatasi isiyo na mng'ao, yaani mati, hutumia wino mweusi wa mati, na densiti yake ya juu kabisa (kipimo cha uzito wa weusi: namba ikipanda, weusi umezidi) huwa kwenye 1.6 au 1.7. Karatasi yenye mng'ao, zikiwemo za baraita (zenye tabaka jeupe la madini ya bari chini ya uso wake), hutumia wino mweusi wa picha na huweza kupita 2.2. Kwenye kipimo cha L* cha mfumo wa CIELAB, ambapo 0 ni giza tupu na 100 ni weupe kamili, densiti 1.65 ni kama L* 17, na densiti 2.3 ni kama L* 4 na nusu. Pengo hilo ni kubwa mno. Picha iliyopangwa kwa baraita ikipelekwa kwenye mati bila mabadiliko, vivuli vyake vitaonekana vimefifia, na hakuna mpangilio utakaoifanya mati iwe nyeusi kuliko uwezo wake.

Jambo la pili ni viangazaji, kemikali zinazotiwa kwenye karatasi ili ionekane nyeupe zaidi. Hupokea mnururisho wa urujuanimno na kuurudisha kama mwanga wa bluu. Karibu na dirisha karatasi hiyo itang'aa kwa ubaridi. Chini ya taa isiyo na urujuanimno, ubaridi wote utatoweka na maeneo angavu ya picha yataonekana yamepata joto. Viangazaji huchoka pia kadiri miaka inavyopita, na karatasi huegemea njano. Kwa kazi inayotakiwa kufanana muda mrefu, tafuta karatasi isiyotiwa kemikali hizo. Weupe wake utaonekana wa maziwa kidogo ukiulinganisha na ile yenye viangazaji, lakini utabaki hivyo.

Nunua karatasi ya mfululizo mzima wa picha kwa mkupuo mmoja ikiwezekana, na uangalie namba ya toleo kwenye boksi. Ihifadhi ndani ya mfuko wake, ikiwa imelala, mahali pasipo na unyevunyevu wala joto kali. Karatasi iliyonyonya unyevu hunyonya wino kwa namna nyingine, na pia huinua kingo zake na kuguswa na kichwa cha kuchapia.

Hatua ya 3: Tengeneza ukanda wa ngazi za kijivu

Huu ndio moyo wa kazi yote. Tengeneza faili moja lenye ngazi 21 za kijivu, kuanzia 0% hadi 100% kwa kupanda 5% kila ngazi. Chini yake weka safu mbili za ziada: moja ya vivuli, kuanzia 90% hadi 100% kwa kupanda 1%, na moja ya maeneo angavu, kuanzia 0% hadi 5% kwa hatua ndogo vilevile. Ongeza mteremko laini usio na ngazi, unaotoka weupe hadi weusi bila kukatika, kwa kuwa mistari na mikatiko huonekana hapo kwanza. Mwisho weka kipande kidogo cha picha halisi unayoijua vizuri, yenye ngozi ya mtu na kitambaa cheusi.

Faili hilo lihifadhi kwa biti 16 na lisiguswe tena. Ukanda huu ni timazi ya fundi uashi: kinachosogezwa ni ukuta, uzi unabaki palepale.

Kuwa makini na nafasi ya kijivu unayofanyia kazi, yaani kanuni inayoamua kila namba ya faili ina mwangaza gani. Gray Gamma 2.2 na Dot Gain 20% ni mbili zinazokutana sana ndani ya Photoshop, na thamani ileile haimaanishi mwangaza uleule katika hizo mbili. Kwenye Gray Gamma 2.2, thamani 128 ni karibu L* 54. Kwenye Dot Gain 20% thamani hiyohiyo huwa angavu zaidi. Chagua moja, mimi natumia Gray Gamma 2.2, na picha zote pamoja na ukanda ziwe humo. Faili likija na nafasi nyingine, ligeuze, usilibandike lebo mpya tu. Kugeuza hubadilisha namba na kuhifadhi mwonekano. Kubandika lebo huacha namba zilivyo na kuupotosha mwonekano.

Chapa ukanda wa kwanza siku ambayo printa ina afya, uache ukauke, andika nyuma kwa penseli tarehe, karatasi, wino na mipangilio yote, kisha uuweke gizani ndani ya bahasha. Huo ndio ukanda rejea. Chapa miwili, mmoja wa kufanyia kazi na mmoja usiotoka kwenye bahasha ila kwa nadra, kwa sababu kushikwashikwa na mwanga huuchosha.

Hatua ya 4: Tuliza skrini

Malalamiko ya nakala kutoka nyeusi kupita kiasi, mara nyingi mno chanzo chake ni skrini inayong'aa kupita kiasi. Ipime kwa kifaa cha kupimia skrini, uweke mwangaza kati ya 80 na 120 cd/m² (kandela kwa mita ya mraba), gama 2.2, na urudie kila mwezi. Chumba kisiwe na mwanga unaobadilika unapofanya kazi. Zaidi ya hapo usiipe skrini madaraka makubwa: ni dira ya kuhariria, haitoi hukumu juu ya nakala.

Hatua ya 5: Amua nani anasimamia rangi, kisha ufunge mipangilio

Ni programu unayochapia au ni draiva, yaani programu ndogo inayoiendesha printa, kamwe zisiwe zote mbili. Ukichapa kwa profaili ya ICC, programu ndiyo inayogeuza rangi, kwa hiyo usimamizi wa rangi ndani ya draiva lazima uzimwe. Ukitumia hali ya nyeusi na nyeupe ya printa, draiva ndiyo msimamizi na programu inatakiwa kukaa kando. Zikisimamia zote mbili, picha hugeuzwa mara mbili, toni za kati huhama, na mara nyingi kijivu hupata umajenta. Kosa hili huwapoteza watu siku nzima kwa sababu skrini haionyeshi chochote.

Kwa njia ya profaili, kwenye dirisha la kuchapia chagua namna ya kugeuza rangi iitwayo Relative Colorimetric na uwashe Black Point Compensation, ili weusi wa faili ukutanishwe na weusi ambao karatasi inaweza kuufikia. Bila hilo vivuli vya chini hugandamana kuwa doa moja jeusi.

Kwa hali ya nyeusi na nyeupe ya printa, kuna chaguo la giza la jumla na chaguo la toni: ya katikati, baridi, joto au sepia. Draiva ya Epson ina pia duara la kuelekeza rangi ambalo unaweza kulisogeza kwa kipanya. Usilisogeze kwa mkono. Andika namba za mlalo na wima kwenye visanduku vyake, kwa kuwa namba unaweza kuirudia mwaka ujao, msogeo wa mkono huwezi.

Halafu kuna aina ya karatasi unayoitaja kwenye draiva. Wengi huipita haraka, ilhali ndiyo inayoamua wino mweusi upi utumike, kiasi gani cha wino kimiminwe, na kichwa kipite juu ya karatasi kwa umbali gani. Karatasi ya kampuni nyingine huja na maelekezo ya aina gani uchague. Yafuate, na usiibadilishe tena. Ukanda rejea wa mipangilio mingine hauna maana kwako.

Mengine niyataje kwa pamoja. Tumia azimio linaloendana na printa, pikseli 360 kwa inchi kwa Epson au 300 kwa Canon, na isiwe programu inakuza hapa na draiva inapunguza pale. Tumia ubora uleule kila mara. Zima uchapaji wa kasi wa kwenda na kurudi ukiona mistari kwenye mteremko laini. Sakinisha draiva ya mtengenezaji wa printa. Kwenye kompyuta za Apple, printa ikiongezwa kwa njia ya AirPrint (uchapaji wa Apple usiohitaji draiva), chaguo nyingi kati ya hizi hazionekani kabisa, na mtu hudhani printa yake haina.

Ukimaliza, hifadhi mipangilio yote kwa jina moja linaloeleweka, lenye karatasi na toni ndani yake. Piga pia picha ya skrini ya kila ukurasa wa draiva. Mfumo endeshi ukisasishwa, mipangilio iliyohifadhiwa huweza kufutika au kurudi ilivyokuwa kiwandani bila taarifa, na picha hizo ndizo zitakazokurudishia ulipokuwa.

Hatua ya 6: Kagua matundu kabla ya kila kikao

Kila kikao, hata kama ulichapa jana. Ukurasa wa ukaguzi hutumia wino kidogo sana. Nakala moja kubwa iliyoharibika hutumia wino mwingi na karatasi ya bei.

Kwenye nyeusi na nyeupe, tundu lililoziba halitoi dalili ya wazi kama kwenye rangi. Wino wa kijivu hafifu ukikatika, maeneo angavu hupauka na mistari myembamba hujitokeza angani au kwenye ukuta mweupe. Wino wa rangi ukikatika, hutaona mstari wowote. Utaona kijivu kimehama. Njano ikikosekana, kijivu huegemea bluu. Majenta ikikosekana, huegemea kijani. Sayani ikikosekana, huegemea wekundu na kupata joto. Jifunze mielekeo hii mitatu, kwa maana nakala yenyewe itakuwa inakuambia wapi pa kuangalia. Mtu asiyeijua hukimbilia kusogeza duara la toni, na hapo ndipo anapoanza kufukuzana na kivuli chake.

Ukikuta pengo kwenye ukaguzi, safisha kichwa mara moja, kagua tena. Pengo likibaki, rudia. Baada ya mara tatu mfululizo acha, uiache printa itulie kwa saa kadhaa au usiku kucha, kisha ujaribu tena. Usafishaji wa kurudiarudia bila kupumzika humaliza wino na mara nyingine huvuta hewa kwenye mirija. Kinga yake ni kuchapa kitu kidogo kila wiki chenye rangi zote. Wino wa pigimenti una chembe ngumu zinazoelea ndani ya maji, na zikikaa muda mrefu bila kuguswa hutuama. Pale mtengenezaji anaporuhusu, toa katriji na uitikise taratibu. Wino uliopita tarehe yake usiuamini kwa kazi inayotakiwa kufanana na ya zamani.

Kichwa nacho kipangwe upya kila unapoisafirisha printa au kubadilisha unene wa karatasi.

Hatua ya 7: Subiri ikauke, kisha itazame mahali sahihi

Nakala mbichi haisemi kweli. Wino unapokauka, weusi hutulia na mwelekeo wa rangi husogea, kwa kiasi kinachotegemea wino na karatasi. Kwa pigimenti mimi husubiri saa 24 kabla ya kupima chochote. Linganisha kavu na kavu. Ukichukua nakala iliyotoka sasa hivi ukailaza kando ya ukanda rejea wa mwaka jana, utaona tofauti ambayo kesho haitakuwepo.

Kwenye karatasi yenye mng'ao kuna sababu nyingine ya kusubiri: viyeyusho vilivyobaki ndani ya wino hutoka polepole, na nakala ikifungwa mapema nyuma ya kioo, ukungu hujijenga upande wa ndani.

Kuhusu taa, kiwango cha ISO 3664 kinatumia mwanga wa D50, wenye joto la rangi la takribani 5000 K. Taa ya namna hiyo, yenye uwezo mzuri wa kuonyesha rangi, iwe ndiyo mahakama yako, na iwe hiyohiyo kila mara. Baada ya hapo peleka nakala chini ya taa ya mahali itakapotundikwa. Kama kijivu kinageuka sana kati ya taa hizo mbili, tatizo ni metamerizimu au viangazaji, na dawa yake iko kwenye hatua ya 1 na ya 2.

Hatua ya 8: Pima

Jicho lililokaa na nakala moja kwa dakika chache huizoea na kuiona haina rangi. Ndiyo maana kipimo kinafaa. Spektrofotomita ndogo ya mezani, kifaa cha kusoma rangi ya karatasi, hukupa namba tatu kwa kila ngazi: L* ya mwangaza, a* ya mvutano wa kijani na majenta, b* ya mvutano wa bluu na njano.

Soma ukanda wa leo, uweke namba kando ya zile za ukanda rejea. L* inatakiwa ishuke kwa hatua zinazolingana kutoka weupe wa karatasi hadi weusi wa mwisho, bila ngazi mbili kugandana. Kwa a* na b*, usitafute sifuri kila mahali. Karatasi yenyewe ina rangi yake, na kijivu kinachotoka kwenye weupe wa karatasi polepole kuelekea katikati hupendeza kuliko kile kinacholazimishwa kuwa sifuri kwenye maeneo angavu. Kinachotafutwa ni namba zilezile. Mimi hushtuka L* ikipishana kwa zaidi ya 2, au a* na b* kwa zaidi ya 1, na chini ya hapo naendelea na kazi. Hali ya kupimia nayo iwe moja: kwenye karatasi yenye viangazaji, M1 na M2, ambazo ni hali mbili za mwanga wa kifaa hicho, zitakupa b* tofauti kwa ukanda uleule, kwa kuwa M2 huondoa urujuanimno.

Huna kifaa? Skana ya mezani inaweza kukusaidia upande wa mwangaza. Laza kanda mbili pamoja kwenye kioo, zima marekebisho yote ya kujiendesha, uskani mara moja, kisha ulinganishe thamani za ngazi kwa ngazi. Kwa mwelekeo wa rangi skana haiaminiki sana, maana nayo huona wino tofauti na jicho. Hapo rudi kwenye taa yako, kata dirisha dogo kwenye kadi ya kijivu, na utazame ngazi mbili zinazogusana bila kitu kingine machoni.

Hatua ya 9: Chapa mfululizo kama kazi moja

Kwa picha za maonyesho au albamu, toni ya joto au ubaridi itolewe na printa kwa mipangilio ileile kwa picha zote. Ukiitia ndani ya kila faili, kila picha itakuwa na joto lake. Chapa kwanza picha moja ya mfano yenye weusi wa kweli, weupe wa kweli na toni nyingi za kati, uikubali ikiwa kavu, kisha zilizobaki zipimwe kwa hiyo. Chapa zote kwa karatasi ya boksi moja, katika siku chache zinazofuatana. Katriji ikikaribia kuisha ibadilishe kabla hujaanza, na baada ya kuibadilisha chapa ukanda.

Ukanda wa siku ukikataa kufanana na ukanda rejea, fuata mpangilio huu na usiuruke. Matundu kwanza. Kisha karatasi: ni upande sahihi, ni toleo lilelile, haikunyonya unyevu? Kisha mipangilio, ukilinganisha na zile picha za skrini. Kisha kompyuta: kuna sasisho lolote la programu, draiva au mfumo endeshi? Mwisho kabisa wino wenyewe. Badilisha kitu kimoja, chapa ukanda, tazama. Ukibadilisha viwili kwa pamoja na tatizo likaisha, hutajua kipi kilikuwa chanzo, na litakaporudi utaanza upya.

Mng'ao wa kishaba unaoonekana ukiinamisha nakala ya karatasi yenye mng'ao si suala la toni wala hausahihishwi kwa faili. Ni wino kukaa juu ya karatasi bila kulingana. Printa zenye kimiminika cha kung'arisha hulimaliza tatizo hilo kwa kufunika uso wote. Zisizonacho, badili karatasi.

Karatasi yako ikiacha kutengenezwa

Itatokea. Unapotafuta mbadala, anza na namba za karatasi tupu: L*, a* na b* za weupe wake zikaribiane na za ile ya zamani. Kisha weusi wa juu kabisa. Weupe na weusi vikikaribiana, katikati kunaweza kuletwa na mkunjo wa marekebisho, yaani mstari unaopandisha au kushusha kila ngazi ya kijivu: chapa ukanda kwenye karatasi mpya, uusome, na utengeneze profaili au mkunjo unaorudisha kila ngazi kwenye L* ya ukanda rejea. QuadTone RIP huja na zana ya QTR-Create-ICC inayofanya hivyo kutokana na vipimo vya ngazi za kijivu, hata kwa hali ya nyeusi na nyeupe ya printa ambayo kwa kawaida haina profaili yake. Mkunjo huo uwekwe kwenye hatua ya kuchapia, mafaili ya picha yabaki kama yalivyo.

Weusi usipofikia ule wa zamani, usijaribu kuulazimisha kwa kuongeza wino. Wino ukizidi hutuama juu, vivuli huziba, na densiti wakati mwingine hushuka badala ya kupanda. Kwa mnunuzi anayetaka nakala moja ya kuungana na nyingine alizokwisha kuzitundika, mweleze mapema kwamba karatasi imebadilika, mpe kipande cha majaribio akilaze kando ya zile alizonazo chini ya taa yake mwenyewe, na uchape baada ya yeye kukubali.